Isale limepokelewa kwa mikono miwili

Jamani, leo mama yangu amekwenda saiti kumwomba injinia asitufunikie mlima.

Ni lile ghorofa la kuishi watu linalojengwa nyuma ya kwetu, hapa Moshi mjini. Baba hajainuka kitandani tangu apooze. Kilichombakia ni dirisha, na dirishani ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro.

Kesho wanamwaga zege la ghorofa ya tatu. Basi, Kibo kwaheri.

Mama akachuma jani la isale, akalifunga fundo, tukaenda wote. Kwetu Uchagani ukiletewa isale hukatai ombi, hata kama ugomvi ni wa damu.

"Mwanangu, mzee wangu amelala penye dirisha lile," akamwambia injinia.

Injinia si wa huku. Akamwamkia shikamoo, akalipokea jani kwa mikono miwili! Mama machozi yakamlengalenga.

Halafu akalichomeka kwenye chupa ya maji, juu ya meza ya ramani.

"Asante mama. Ofisi ilikuwa haina hata ua."

Nilitaka ardhi inimeze.

Mama alipotoka, nikabaki nikamweleza injinia maana yake. Akalitazama lile jani, akavua kofia ngumu, akajikuna kichwa.

"Dada, hata mimi nimeletewa ramani tu."

Tumerudi nyumbani. Baba akauliza, "Amelipokea?"

Mama akasema, "Kwa mikono miwili."

Baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaomba tumsogeze karibu zaidi na dirisha.

Tumemsogeza.

Haya, semeni nyie. Kesho asubuhi pazia atalifungua nani?