Kawa ya Majani ya Msonobari

Wifi yangu alipoolewa na kaka, alishuka kutoka Lushoto na sanduku la nguo na kiroba kilichojaa majani makavu ya msonobari. Mama alikichungulia kile kiroba, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, vya kuwashia moto hata huku Tanga vipo."

"Si vya moto, Mama. Ndiyo kazi yangu ya mikono."

Mama akaitikia haya, kiroba kikaingia stoo. Mimi nikashinda nikiwaza kama lile jibu lilikuwa na heshima ya kutosha, kama Mama ameudhika, na kama ningecheka kidogo mambo yangelainika. Tangu nimalize chuo sijapata kazi, na kichwa changu hakijui kukaa bure.

Nyumba yetu ya Mabawa, hapa Tanga mjini, ni nyumba ya miyaa, majani ya mkindu. Mama na dada yake wa Mwera, mama yangu mkubwa, wamesuka ukili, ile mikanda ya miyaa inayoshonwa kuwa mikeka, tangu wasichana. Mikeka yote tunayokalia imetoka mikononi mwao. Sebuleni ukutani ilining'inia kawa ya mama mkubwa, nyekundu na zambarau. Kila siku ya Idd ilishushwa kufunika sinia la pilau, kisha ikarudi msumarini kuwa pambo. Lakini ilikuwa imezeeka, kilele kimetoboka. Wifi aliona lile tundu, akaamua kumshonea Mama kawa nyingine ya majani ya kwao, ifunike sinia katika Idd yake ya kwanza kwetu. Aliniambia mimi peke yangu.

"Akiipokea akaifungia kabatini, wifi, nitajua mimi bado mgeni humu ndani."

Basi nikapata jambo jingine la kunikosesha raha.

Alishonea uani, baada ya adhuhuri, na mimi nikamsaidia ili mikono yangu iache kushika simu. Kwanza tulichambua majani. Msonobari huota majani yake kwa vifungu, na kila kifungu kina kikonyo kidogo cheusi cha kuondoa. Tukayaosha, tukayalowesha kwenye maji ya vuguvugu hadi yakalegea. Wifi aliyakusanya fungu la unene wa penseli, akalipitisha ndani ya kipande cha mrija wa kalamu ili lisinenepe wala kukonda, akaanza kulizungusha kutoka kilele kushuka. Alishonea uzi wa katani aliousugua nta. Kila mshono ulipita katikati ya mshono wa mzunguko wa juu, hivyo nyuzi zikajipanga mistari iliyopinda kutoka kileleni, kama maji yanayozunguka yakishuka kwenye tundu. Fungu likipungua, alichomeka majani mapya katikati yake, na ungetafuta yalipoungana usipaone. Uani kote kulinukia utomvu. Mimi ambaye huwa narudia kusoma ujumbe wa salamu kabla sijautuma, nilimtazama mtu akishona bila kusita, moyo ukatulia.

Idd ilipokaribia, kiroba kikaisha. Ilibaki mizunguko michache ya ukingo.

"Lushoto mbali," nikasema. "Lakini ufukweni mivinje imejaa. Majani yake si ndiyo haya haya?"

Wifi alikuwa hajawahi kuutazama mvinje kwa karibu. Nilipomletea mfuko, akayapitisha majani vidoleni. "Mbona yanafanana! Ungesema mapema, nisingebeba kiroba kwenye basi."

Tukayalowesha, yakapinda vizuri kuliko hata ya kwao. Akamaliza ukingo siku ile ile, tukaiweka kawa kivulini ikauke. Nilijivuna kidogo.

Asubuhi, siku moja kabla ya Idd, niliishika ukingoni, nikasikia ikilia kama chapati iliyokauka. Jani la mvinje lina vifundo vifundo urefu wake wote. Likiwa na maji halionyeshi, likikauka hukatika kila kifundo. Vipande vilimwagika sakafuni. Nikaita, "Wifi, njoo, nimekuharibia," na machozi yakaja kabla yake.

Aliyefika kwanza ni Mama.

Aliangalia sakafu, akaangalia kawa, akamwangalia wifi aliyesimama mlangoni na unga wa maandazi mikononi.

"Hii ya nani?"

"Yako, Mama," wifi akasema. "Ilikuwa ifunike sinia kesho."

"Na hayo majani ya mvinje?"

"Ni mimi," nikasema.

"Nilijua. Mtoto wa pwani, mvinje umecheza kivulini mwake tangu unatambaa, hujui kuwa unakatika?" Akaketi mkekani, akaipindua kawa, akapitisha kidole gumba kwenye mistari ya nyuzi, polepole, hadi kileleni. Kidole kikazunguka kilele, kikazunguka tena. Nilianza kutunga maneno ya kuomba radhi kwa niaba ya kila mtu.

"Hapa umeanzaje? Sioni tundu."

Wifi akapiga magoti, akamwonyesha. Mama akauliza tena, akaonyeshwa tena. Kisha akaagiza, "Lete mkasi. Na wewe, mharibifu, kalete ule ukili uliobaki juu ya kabati."

Walikata mizunguko ya mvinje yote. Kawa ikawa fupi, haifiki ukingo wa sinia. Mama akaizungushia ukili wake wa kijani na mweupe, wifi akaushonea kwa katani, mmoja ameshika, mwingine anapitisha sindano. Mimi nilipewa kazi ya kufagia.

Siku ya Idd, mama mkubwa alifika kutoka Mwera. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye sinia. Kawa ilikuwa juu yake, ya kahawia inayong'aa, na pindo la miyaa chini.

"We, hii umenunua wapi?"

"Sijanunua. Kashona mkwe wangu."

"Na mimi je, sina sinia?"

"Subiri zamu yako, dada." Mama aliifunua kawa, mvuke wa pilau ukapanda, akampa wifi aishike wakati anapakua. "Ukienda kwenu kusalimia, lete viroba viwili," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Na huyu asitumwe."

Wifi alicheka hadi akaegemea ukuta. Tulipomaliza kula aliifuta kawa kwa kitambaa kikavu, akataka kuipeleka kabatini. Mama akamwonyesha msumari wa sebuleni.