Watu Tisa wa Shangazi

Niliishi kwa shangazi yangu Makongeni tangu darasa la kwanza hadi la nane, na kwa miaka hiyo yote, ukiuliza karatasi, sikuwa nikiishi popote. Nyumbani Murang'a walisema niko Nairobi. Nairobi walisema mimi ni mgeni, nimekuja likizo, narudi kwetu wiki ijayo. Nadhani hakuna mtoto Kenya nzima aliyepewa likizo ndefu kama yangu.

Nyumba zile zilikuwa za wafanyakazi wa reli, na mume wa shangazi alikuwa mmoja wao. Nyumba ilikuwa yake, ya mke wake na ya watoto wake wawili: mvulana, na msichana aliyenizidi miezi minne tu na ambaye hakuacha kunikumbusha hiyo miezi. Mtoto wa kaka wa mke hakuwa kwenye hesabu. Kwa hiyo mkaguzi wa nyumba alipokuja na ubao wake wa kuandikia, nilitolewa nje pamoja na viatu vyangu, mswaki wangu na blanketi langu. Shangazi hakusahau kitu. Angeamua kuwa mwizi, hadi leo wasingekuwa wamemshika.

Sikuwa peke yangu. Karibu kila nyumba katika safu yetu ya nyumba kumi ilikuwa na wageni wa aina yangu, watoto waliokuja kusoma, au binamu waliokuja kutafuta kazi wakaipata na bado hawajaondoka. Mkaguzi alianzia nyumba ya kwanza na kuishia ya kumi, bila kubadilisha hata siku moja. Basi alipomaliza nyumba ya kwanza, sisi watoto wageni tulizunguka kwa nyuma, tukainama chini ya kamba za nguo, tukaingia humo na kujazana hadi amalize safu nzima. Wageni wakubwa walikumbuka kwa ghafla kwamba wana shughuli mjini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja Mwislamu ambaye mumewe alikuwa fundi kwenye karakana. Alikuwa mama mpole, mwenye mkeka mkubwa, na hakuwahi kutuuliza tumefuata nini. Siku moja mkaguzi alisahau kalamu yake mezani kwa mama huyo. Alipofika nyumba ya nne akagundua, akarudi, akafungua mlango na kukuta watoto kumi na mmoja wamekaa chini wanamtazama.

Mama hakupepesa macho. Akamwambia mkaguzi kwamba hii ni madrasa. Sasa, wengi wetu tulikuwa watoto wa shule ya Jumapili, wenye nyimbo za kuigiza kwa mikono, na Kiarabu chote tulichokijua kilikuwa neno moja, kwa sababu mama yule alilitamka kabla ya kila kitu, hata kabla ya kuwasha stovu. Tukaanza. Bismillahi, bismillahi, bismillahi, kwa pamoja, kwa sauti, na kwa bidii ambayo walimu wetu wa hesabu hawakuwahi kuiona. Mkaguzi alisimama akatusikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akachukua kalamu yake, na alipofika mlangoni akageuka.

“Mwalimu,” akasema, “wafunze na mstari ya pili.”

Safu nzima ilicheka kwa mwezi mzima. Nilicheka pia, lakini kicheko changu kilikuwa na kasoro. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka jambo moja tu: siku moja mtu mwenye kalamu aje, shangazi aniwekee mkono begani, aseme huyu naye ni wa hapa, mwandike. Nilijua kwa nini hawezi kusema hivyo. Wangenyang'anywa nyumba, na sote tungelala nje. Nilijua kabisa, na bado iliniuma.

Siku hizi ninalipwa kuhesabu watu. Ninakaa mtaa wa Fedha, ghorofa ya tatu, kati ya majirani ambao sijui idadi yao, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni aibu. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unachukua watu wa sasa, unagawanya kwa watu wa zamani, kisha unatafuta wangehitaji kuongezeka kiasi gani kila mwaka ili wafike hapo walipo. Ugumu uko kwa watu wenyewe, ambao huishi vizuri tu hadi pale unapowauliza wako wangapi.

Mwaka jana zahanati moja ya mtaa ilitaka kujua watu wa Makongeni wanaongezeka kwa kasi gani, ili ijue itahitaji chanjo kiasi gani kwa watoto wa miaka ijayo. Tulikuwa na orodha mbili. Ya zamani ilikuwa daftari la mhudumu wa afya aliyepita nyumba hadi nyumba nilipokuwa mtoto. Ya sasa ilikusanywa na vijana wenye simu, ndani ya wiki moja. Mkuu wangu kazini, kijana anayenizidi digrii moja nami nikamzidi miaka kumi, aliziingiza zote mbili kwenye kompyuta na kupata kasi ambayo hata sungura wangeomba wapewe mapumziko.

“Hii mtaa iko na nguvu,” akasema, na akaanza kuandika ripoti.

Mimi huwa nina hasira za karibu linapokuja suala la takwimu. Nilimwambia kwamba nyumba ni zilezile, na kwa kasi hiyo watu wangekuwa wamelala juu ya mabati. Nikaifungua ile safu yetu. Nyumba ya shangazi, kwenye daftari la zamani: watu wanne. Kwenye orodha ya sasa: watu tisa. Shangazi anaishi na mjukuu mmoja.

Jumamosi nikaenda kwake na karatasi zangu. Nilimkuta akipika chapati, na hakuziacha kwa ajili yangu. Nilianza na umri wake, kwa kuwa fomu inaanza hapo. Akasema sitini. Shangazi amekuwa na miaka sitini tangu nilipomaliza chuo, na hana mpango wa kuondoka hapo. Nikaandika, nikaweka alama ya kuuliza pembeni, akaiona alama, akanipa chapati iliyoungua.

Nilipomuuliza kuhusu wale watu tisa hakuona haya hata kidogo. Vijana wenye simu walikuja wiki ambayo kila mtu alisikia kwamba neti za mbu zitagawanywa kwa idadi ya watu. Kwa hiyo aliwataja watu. Akanihesabia kwa vidole vyenye unga: yeye mwenyewe, mjukuu anayekaa naye, mwanawe aliye Kitengela na mke wake, binti yake aliye Nakuru na mume wake, na mtoto wao. Hao saba. Wa nane alikuwa marehemu mumewe.

Nilimwambia Tata, kama tunavyowaita mashangazi kwetu, kwamba huyo tulimzika.

“Najua,” akasema. “Lakini yeye ndiye mbu zilikuwa zinamuuma sana.”

Wa tisa nilikuwa mimi. Nikamkumbusha kwamba ninakaa Fedha, na kwamba ameshanitembelea huko akalalamika kuhusu ngazi. Akageuza chapati, akaibonyeza pembeni, akaigeuza tena.

“Najua unakaa Fedha. Hiyo miaka nilikuwa nakuficha, nilijiambia siku moja mtu akikuja na kalamu na si wa kukagua nyumba, nitakutaja. Basi nimekutaja.”

Nilikula ile chapati iliyoungua. Nilitamani sana kulia, lakini nilikuwa kazini.

Neti zenyewe hazikuja. Nilimweleza, kadiri nilivyoweza, kwamba orodha ya zamani ilikuwa na watu wachache mno, kwa kuwa kila mwenye kalamu alidhaniwa ametumwa na mkaguzi, na ya sasa ina watu wengi mno. Makosa yote mawili yanasukuma upande mmoja, na mtaa unaonekana kama umefura. Ilibidi nipunguze huku na niongeze kule. Nikachukua kalamu nyekundu na kukata watu saba kwenye nyumba yake. Alivumilia vizuri hadi nilipofika kwa mumewe, hapo akaenda kuangalia kama maji yamechemka, ingawa hatukuwa tumeweka maji.

Kisha tukaanza kuongeza. Mama wa nyumba ya kwanza bado yuko palepale na ule mkeka, basi tukaenda kwake na chapati, na wale akina mama wawili wakanitajia wageni wote wa safu yetu, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemkumbuka mtu kwa tarehe ya kuzaliwa. Walikumbuka yule asiyekula maharagwe, yule aliyekojoa kwenye mkeka siku ya madrasa, yule aliyekuja kwa wiki mbili akaolewa kutoka hapo. Mahali walipobishana niliuliza wote wawili upya, wakaungana na kunigombeza mimi. Kazi hiyo niliifanya kwa Jumamosi kadhaa, safu baada ya safu, kwa akina mama wa aina hiyo. Orodha ya zamani ikanenepa, ya sasa ikakonda, na ile kasi ya sungura ikashuka hadi ikawa kasi ya watu. Mtaa ulikuwa umekua taratibu tu, na nyumba nyingine, kama ya shangazi, zilikuwa zimepungua.

Lakini siku ile ya kwanza, kabla sijaondoka, ilibidi nijaze fomu ya nyumba yetu ya miaka ile. Wanne wa kwenye daftari, na mmoja wa kuongeza. Jinsia nilijaza mwenyewe. Tarehe ya kuzaliwa naijua. Kisha kuna safu ya uhusiano na mwenye nyumba, na hapo nilitaka kupita haraka.

“Andika mtoto,” akasema shangazi, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikamwonyesha kwamba fomu ina nafasi ya ndugu wengine, na kwamba mtoto wa kaka huingia hapo, ndivyo utaratibu ulivyo, na mimi ndiye niliyewafundisha vijana wote utaratibu huo. Akaweka mkono wake begani kwangu, ukiwa bado na unga.

“Hiyo ni ya watu wengine,” akasema.

Nikaandika mtoto.

Wiki mbili baadaye mkuu wangu aliniita kwenye meza yake. Kompyuta yake hukagua makosa kabla ripoti haijatoka, na ilikuwa imekamata nyumba moja Makongeni ambako mama mmoja alionekana kuzaa wasichana wawili waliopishana miezi minne. Akasema hilo haliwezekani, lazima kuna mtu aliandika vibaya, na akaniuliza kama nilikagua fomu ile. Nikamjibu kwamba nilikwenda mwenyewe, na nikathibitisha na mama yao.