Tulivyoulaza Mto wa Mwang'holo

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeshuka shimo la dhahabu Geita kwa kamba ya katani. Nimemwona Mzungu akilia kama mtoto kwa sababu mshipa wa dhahabu umekatikia kwenye mwamba. Nimemwona tajiri wa asubuhi akiomba ugali jioni. Shule niliishia darasa la pili, basi. Mengine yote yamefanywa na mikono hii. Kwa hiyo ninyi vijana, mkisikia kwamba siku moja Makoye alishangaa, mjue lilikuwa jambo.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa karai. Ulikuwa mgodi mdogo upande wa Geita, vita vya Wazungu vikiwa bado vinapiganwa. Nyapara, yaani msimamizi wa vibarua, alinionyesha kijito akasema, "Chota mchanga, zungusha, maji yaondoke na uchafu, kizito kibaki." Kizito ndiyo dhahabu. Haukupita muda nikawa nimewapita walionitangulia. Lakini niliona na jambo jingine. Kila ukingo tuliouchimba ulimomonyoka, na kijito nilichokikuta wanawake wakichota maji ya kunywa nilikiacha tope jekundu. Punda alilinusa akageuza shingo.

Kutoka hapo nilikwenda Mwadui kwenye almasi, kuchimba mifereji, chini ya fundi mkuu ambaye hakusema neno, alionyesha kidole tu. Pale nilijifunza pimamaji, kile kibao chenye tone la hewa ndani ya kioo, kinachokuambia maji yatakwenda wapi kabla hayajaja. Basi Bwana Shamba wa wilaya alipotafuta nyapara wa kuuokoa mto wa Mwang'holo, huku kwetu upande wa Songwa, angemchukua nani? Alinichukua mimi.

Mito yetu hutiririka wakati wa mvua tu. Kiangazi unabaki mchanga, na maji hujificha chini yake. Watu huchimba shimo, wakachota. Mchanga ndio tangi letu. Sasa ukilima kwa plau mpaka ukingoni, ukipitisha ng'ombe kila mahali, mvua inashusha udongo mfinyanzi juu ya mchanga na tangi linazibwa. Mwang'holo ulikuwa umefikia hapo. Jirani yangu Mama Kulwa alikuwa akizama shimoni hata kichwa hukioni, ndipo apate kata moja ya maji. Kiangazi kingine kama kile, kijiji kingehama.

Kila kaya ilitoa mtu wa kazi. Tulipanda mabingobingo, yale majani marefu mfano wa muwa, kushika kingo. Tulisuka fito kukatiza makorongo, maji yapite, udongo ubaki. Na pande zote mbili za mto nilipigilia vigingi, kila kimoja na kitambaa chekundu kutoka stoo ya wapima ardhi. Maana yake: ndani ya hapa hapana plau wala ng'ombe, ila kwa njia moja ya kunyweshea.

Siku ya baraza Bwana Shamba akasimama na Kiswahili chake cha ofisini. "Kuanzia leo tumeufunga mto huu," akasema. "Na aliyeufunga kwa mikono yake ni nyapara Makoye. Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Nami nikatoa kifua mbele.

Halafu mvua haikuja. Mawingu yalipanda kutoka ziwani, yakafika juu yetu, yakapita. Tulisikia Ushetu wamekwisha panda tumbaku, kwetu vumbi. Watu wakaacha kunisalimu. Nikikaa kwenye pombe, kata inaniruka inakwenda kwa mwingine. Mke wangu akarudi kutoka mtoni na mtungi mtupu: wanawake wenzake walimwambia akachote kwa mumewe.

Mchana mmoja nilikuwa mtoni nikikaza fito, nikasikia mwano, lile yowe linalomtoa kila mwanaume nyumbani na silaha yake. Nikatafuta mwizi yuko wapi. Kumbe wanakuja kwangu. Mbele yuko Mzee Shigela, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, ambaye pamba yake zamani ilifika mpaka ukingoni. Mwanangwa, mkuu wa kijiji, yuko nyuma kabisa, kama mtu aliyekuwa anapita njia.

"Shikamoo, Mzee Shigela," nikasema.

Hakuitikia. Mzee akiacha kuitikia shikamoo, jua mambo yameharibika.

"Fungua," akasema.

"Nifungue nini, baba?"

"Ulichofunga. Ulitajwa kwa jina, ukapigiwa makofi. Umefunga mto, na mvua imo humo humo."

Hapo ndipo niliposhangaa. Ofisini, kufunga ni kukataza tu. Kwetu Usukumani kinachofungwa ni mvua, na mfunga mvua ni mchawi, tena huyo hangojei mahakama. Na mimi nilikuwa nimezungusha mto mzima vijiti vyenye nyekundu, rangi ya kufukuza wingu!

"Lile ni neno la serikali tu, wazee wangu," nikasema.

"Serikali gani inavalisha vijiti?" kijana mmoja akadakia. "Mganga wetu mwenyewe hana vingi hivyo!" Wakacheka kicheko kibaya.

"Ng'oa vyote kwa mkono wako," akasema Shigela, "na plau zangu ziingie kama zamani."

Nikamwelewa vizuri. Nikiving'oa, mvua ya kwanza ingeshusha tope la shamba lake, mchanga ungezibwa, na kisima kwaheri. Nisipoving'oa, niliyaona marungu yao. Nikasimama mbele ya kigingi cha kwanza.

"Nipigeni hapa hapa. Hiki hakitoki."

Jiwe likanipata begani. La pili likapita sikioni. Nikamwona Mama Kulwa akitoka mtoni, mtungi kichwani, anakuja taratibu katikati yao. Huyu ni mama wa mapacha, na kwetu mama wa mapacha ana neno katika mambo ya mvua. Hata mtemi humsikiliza.

"Shigela," akasema, "mkimuua huyu, nani atafungua? Aliyefunga akifa, fundo linabaki."

Marungu yakashuka kidogo. Akanigeukia mimi.

"Na wewe, Makoye, na maringo yako yote. Yale malisho yako ya nyuma ya nyumba, ng'ombe haingii mpaka kiangazi kikali, unayaitaje?"

"Ngitili, mayu," nikajibu, maana kwetu mama ni mayu.

"Umeyafunga?"

"Hapana, mayu. Nimeyalaza, yapumzike."

"Basi ulaze na mto. Ondoa hayo mekundu, vivike vigingi vyako kaniki, nyeusi kama wingu lenye mvua. Chinja kondoo mweusi, watu wale. Na lile neno la Bwana Shamba nisilisikie tena."

"Na plau zangu?" akauliza Shigela.

"Plau zako zimelima ngitili ya nani?"

Safari hii wakacheka vizuri. Hakuna Msukuma wa kupitisha plau kwenye ngitili, na Shigela alilijua hilo.

Nilinunua kaniki dukani kwa Mwarabu, nikachinja. Mvua haikuja siku ile, wala iliyofuata, na mkuki wangu ulikaa karibu na mkono. Ilipokuja, mto ulishuka ukinguruma, magogo yanagongana. Mimi nilikuwa ukingoni nimelowa, naangalia fito. Zikashika. Kiangazi kilichofuata Mama Kulwa alipiga magoti mchangani, akachota kwa kunyoosha mkono.

Nikampelekea Bwana Shamba hesabu ya kaniki na kondoo. Akasoma, akanirudishia. "Serikali hainunui mvua, Makoye."

Baadaye nilifanya kazi chini ya mabwana shamba wengine, kwenye mito mingine, na kila mmoja nilimwambia siku ya kwanza: hapa hatufungi, tunalaza. Mgongo ndio uliniachisha kazi, kichwa bado kizima. Wanaosema mito ile iliokolewa na serikali, waambieni waje wanione mimi. Na wakamwone Mama Kulwa.

Mzee Shigela bado yupo. Kila mawingu yanapopanda hupita kwangu, akasimama palipo na watu, akapaza sauti: "Nyapara! Ile mvua uliinunua bei gani vile?"

Nami namjibu hapo hapo: "Pamoja na paja la kondoo ulilokula wewe, baba, shilingi sitini na tatu na senti arobaini."