Shemeji aliyejenga nyumba ya bati kando ya mto wa mchanga

Mwangaluka wakuu. Kisa hiki nilikiona kwa macho yangu, asiyeamini apite zake.

Ni miaka ile soko huria limeingia, wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa Mwandoya, kwetu Meatu. Shemeji Masunga, mume wa dada yangu Kabula, akauza vizuri. Wenzake wakanunua ng'ombe, yeye akanunua mabati. Kichwa kikavimba.

Kwa wasiojua kwetu: kiangazi Meatu ni jangwa tu. Tunahamishia ng'ombe kambini kando ya mto wa mchanga, uliokauka juu, tunachimba visima humo humo mtoni. Tunalala kwenye vibanda vya nyasi, kuta wazi upepo upite. Mawingu yakianza kujikusanya tunang'oa fito, tunahamia mlimani, tunakandika udongo upande mvua inakotokea. Kibanda cha kambi lazima kibebeke. Hata mtoto anajua hilo.

Shemeji akachimbia nguzo pale pale ukingoni. Bati juu, bati ukutani, mlango wa mbao na kufuli. Kufuli, wakuu, porini. Aibe nani, fisi?

"Ninyi endeleeni kuishi kama ndege," akatuambia. "Mimi hii ni permanent."

Kiangazi chote hakulala ndani maana palikuwa tanuri. Alilala nje kwenye mkeka, anailinda nyumba. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kiliisha masika yalipokaribia. Sisi tukahama, yeye akagoma, na dada yuko naye pale ukingoni na mtoto anayenyonya.

Nikamwambia, "Shemeji, baki na bati lako, dada aje na mtoto."

"Mke wangu haondoki kwenye bati akavujiwe na nyasi."

Nilimdharau mno yule mtu. Na hofu ilinishika, sifichi.

Dada hakubishana. Asubuhi mume alipotoka kuchunga, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua chungu na mkeka, akapanda mlimani kwetu.

Mchana huo huo, jua linawaka, maji yakashuka kutoka juu kulikonyesha. Tuliona mabati yakipita yamekunjamana kama karatasi.

Jioni shemeji akatokea kibandani kwetu, ufunguo wa kufuli mkononi.

Dada akautazama ule ufunguo. "Si unao? Kafungue, ukalale."

Akalala nje. Si alishazoea.

Funzo langu ni moja: mto haujui bei ya bati. Kama na ukoo wenu una kichwa cha namna hii, mwageni hapa chini tuwacheke wote.