Fundi Aliyeshindwa Kushika Sindano

Mimi mdomo wangu mkali, sikatai. Nimechoma watu sindano miaka kumi na tisa na sijawahi kumbembeleza mtu mzima. Ukija kliniki yetu, pale ghorofani juu ya jimu, unakaa, unakunja mkono wa shati, nachoma, yamekwisha.

Wateja wetu wengi ni wanyanyua vyuma na wakimbiaji. Wanataka sindano za asidi amino: ati mwili uchome mafuta haraka, misuli ipone upesi. Kama inasaidia au la, muulize daktari mwenye kliniki. Mimi ni mkono tu. Katikati ya mapande hayo ya watu alikaa Fundi, mshona suti wa miaka sabini na kitu, mwembamba kama uzi wake. Mkewe alishafariki. Alikuwa ametoka kwenye upasuaji, na mwanawe aliye ng'ambo akamwandikisha sindano za kurudisha nguvu, kila Alhamisi.

Sheria yetu ni kwamba ukishachomwa ukae dakika ishirini, tuone kama mwili utaikataa dawa. Vijana walilalamika. Fundi alikaa saa nzima. Alinisimulia mabega ya watu aliowashonea: nani bega moja lilikuwa juu, nani alivuta pumzi kuficha kitambi.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "hilo koti lako limeshonwa na adui yako."

Nilicheka hadi daktari akachungulia.

Kisha daktari akaamua kila mteja ajichome mwenyewe nyumbani kwake. Kazi yangu ikawa kuwafundisha, na anayeweza nimwandikie kwenye fomu: amefaulu. Vijana walifaulu siku hiyo hiyo. Fundi je? Masikini wee! Alhamisi ya kwanza mkono ulimtetemeka. Ya pili akaangusha sindano. Ya tatu akalichoma chungwa la mazoezi vibaya, maji yakamrukia usoni.

"Macho, mwanangu. Uzee huu," akasema.

Nikamchoma mwenyewe, naye akakaa saa yake.

Alhamisi ya nne kifungo cha koti langu kilidondoka, nikalivua nikaliacha kitini, nikaendelea na mteja mwingine. Kugeuka, namkuta Fundi kalipakata koti. Katoa uzi na sindano mfukoni mwa shati, katunga mara moja tu, tena bila miwani, na kifungo kinashoneka. Mkono umetulia kabisa.

Damu ikanipanda. "Alaa! Mzee, kumbe unanifanya mjinga wiki zote hizi?"

Hakukana. Alikata uzi kwa meno, akanikabidhi koti. "Nisamehe, nesi."

Siku hiyo hakuniita mwanangu. Nikavuta fomu, nikaandika AMEFAULU kwa herufi kubwa, nikamsukumia boksi la sindano zake. Akashuka ngazi. Sikumtazama.

Alhamisi iliyofuata kiti kilikuwa kitupu. Nikajiambia afadhali, nimepumzika. Ya pili yake nikajikuta naangalia mlango. Jioni hurudi kwenye chumba changu chenye kikombe kimoja na sahani moja, na tangu mama afariki hakuna aliyeniita mwanangu ila yule mzee. Nilimkosa, nasema wazi. Hasira hasara, nilifundishwa tangu utotoni, nami sikusikia.

Wiki ya tatu nikampigia simu. Kisingizio changu kilikuwa kumuuliza kama dawa imemdhuru.

"Itanidhuru vipi?" akajibu. "Iko kwenye boksi. Sijachoma hata moja."

"Kwa nini, mzee? Si nimeona unaweza?"

"Kuchoma naweza, nesi. Lakini ukishachoma, zile dakika ishirini unakaa na nani?"

Nikalazimisha ule ukali wangu utoke: "Basi njoo Alhamisi. Nitakuchoma mimi mwenyewe, na daktari aseme anachotaka."

Huko aliko sikusikia redio, wala mtu, wala cherehani.

"Nije kufanya nini, nesi?" akasema taratibu. "Mimi si nimefaulu?"