Mkwaju Wangu na Jina la Jirani

Ng'ombe wa jirani yangu alianguka siku moja baada ya kuzaa. Huku Kabazi tunaujua ugonjwa huo: shingo inapinda, masikio yanapoa, na daktari wa mifugo asipofika mapema na kalsiamu, umempoteza. Mama huyo jirani alituma ombi kwa simu, kwa namba ya ushirika wetu wa maziwa. Mimi ndiye niliyemfundisha kutuma, na programu iliyopokea maombi niliiandika mimi.

Sikusomea kompyuta. Nilimaliza sekondari, mengine nikajifunza kwa kuharibu. Hifadhidata ya tawi letu nilikuwa nimeizoea. Majina mengi ya kwetu yana ng', yenye koma ya juu, na katika SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, koma hiyo ndiyo hufunga maandishi; mashine hudhani jina limeisha katikati. Basi nilikuwa natanguliza mkwaju wa nyuma, kile kistari kilichoinamia kushoto, kuiambia kwamba koma ni sehemu ya jina.

Kisha ofisi kuu ya Nakuru ikaleta hifadhidata ya aina nyingine, na kila ombi likawa linaandikwa kote kuwili. Binti aliyeisimamia alinionya. "Mzee, hii yetu haijui mkwaju wako. Hapa koma inaandikwa mara mbili. Lakini hata hiyo usiiweke mwenyewe. Tuma jina kando na amri, kila hifadhidata italishika kwa njia yake."

"Nilianza kazi hii ukiwa kwa nepi."

"Na huo mkwaju ni wa enzi za nepi zangu," akasema, na ofisi nzima ikacheka.

Nilirudi Kabazi na hasira, sikubadilisha chochote. Nilijaribu kwa jina langu, lisilo na koma, likapita. Ombi likikataliwa, nilikuwa nimeiagiza programu iliruke na kuendelea bila kunisumbua.

Daktari alisoma maombi yaliyofika Nakuru. La jirani, mwenye ng' katika jina lake, lilibaki kwangu tu. Mama alimwegemeza ng'ombe kwa magunia ya majani asilale ubavu, akangoja. Alasiri aliisikia pikipiki ya daktari, akatoka langoni. Ikapita, ikaenda kwa mtu wa upande wa juu wa kijiji aliyeomba baada yake. Kufikia jioni ng'ombe alikuwa amekufa.

Nilienda nikamweleza.

"Kwa hivyo nilirukwa kwa sababu ya jina langu?"

"Si jina, mama. Ni mimi. Niliambiwa, nikakataa."

"Chai yangu umekunywa miaka yote hii," akasema. "Jina langu ndilo limekushinda?"

Akafunga lango.

Nilifanya alivyosema yule binti. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Nilipojaribu, nilitumia jina la jirani, likafika kote kuwili likiwa zima. Kisha nikalifuta, maana mama alikuwa ameshajitoa ushirikani, na sikuwa na ruhusa ya kulitumia tena.