Bosi alisahau kofia kichwani

Leo bosi wangu amenikana mbele ya wanajeshi.

Mnajua mimi ni karani kwenye duka la vitambaa, Mabatini. Wiki iliyopita bosi alileta jora la kitambaa cha mabaka ya kijeshi, yale ya jangwani, rangi ya mchanga. Nikamwambia kwa heshima kwamba raia haturuhusiwi kuyavaa.

"Shule imekujaza woga," akanijibu. "Watu watashonea mabegi ya kupandia milima."

Leo mchana wakaingia wanajeshi wawili. Hata salamu hakuna.

"Nani kaleta hiki?"

Bosi akaninyooshea kidole.

"Huyu, afande! Vijana wa siku hizi! Mimi hata sikijui."

Mmoja akanikunja shati.

Mwenzake akawa anamtazama bosi kichwani. Fundi wetu wa barazani alimshonea kofia kwa kitambaa kilekile, naye anatamba nayo kila siku. Alisahau kuivua!

"Na hiyo kofia, mzee? Amekuvisha yeye?"

Wameondoka na jora, kofia na bosi.

Sasa hivi amenipigia. Eti niende nikaseme kofia ni yangu.

Nimezima simu. Ila funguo za duka ninazo mimi.

Nyie mngefanyaje?